Uzi: Adolphe Nourrit, tenori aliyeng'atuka kabla hajashindwa

Sauti_ya_Tatu (mwanzisha uzi):

Wakuu, heshima mbele. Zikitajwa sauti kubwa za opera, majina ni yale yale: Caruso, Pavarotti, Domingo. Sina ugomvi nao. Leo naomba tumjadili mtu aliyewatangulia wote, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi Paris nzima ilimwimba yeye, na leo hata wapenzi wa opera wengi wanamjua kwa jambo moja tu, namna alivyokufa. Na hilo lenyewe husimuliwa nusu.

Anaitwa Adolphe Nourrit. Alizaliwa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, tarehe 3 Machi 1802. Baba yake, Louis, alikuwa tenori (sauti ya juu ya kiume) mkuu wa Opera ya Paris na papo hapo mfanyabiashara wa almasi. Mchana vito, usiku jukwaani. Mzee hakutaka mwanawe aimbe, alitaka ashike biashara. Kijana akaenda kujifunza kwa Manuel García, yule Mhispania ambaye mtunzi Rossini alimtungia nafasi ya Almaviva katika Il barbiere di Siviglia mwaka 1816.

Septemba 1821, akiwa na miaka 19, akapanda jukwaa la Opera kwa mara ya kwanza kama Pylade katika Iphigénie en Tauride ya Gluck. Baba na mwana walifanana mno, sura na sauti, hadi mwaka 1824 wakatungiwa opera, Les deux Salem, inayotegemea kufanana kwao huko. Mwaka 1826 mtoto akarithi kiti cha baba. Mfalme mpya, ufalme ule ule.

Inaendelea. Naomba msinikatishe kwenye sehemu ya pili, ndiyo nono.

Ngosha_wa_Ziwa:

Siti ya mbele, karanga ninazo. Shusha nondo mkuu.

Sauti_ya_Tatu:

Sehemu ya pili.

Rossini alipohamia Paris alitoa opera nne kwa Kifaransa: Le siège de Corinthe (1826), Moïse et Pharaon (1827), Le comte Ory (1828) na Guillaume Tell (1829). Zote nne, tenori aliyezifungua ni Nourrit. Mtunzi Auber akampa nafasi ya Masaniello, mvuvi mwasi wa Naples, katika La muette de Portici, iliyoanza 29 Februari 1828. Opera hiyo hiyo ilipoonyeshwa Brussels Agosti 1830, watu walitoka ukumbini wakaingia mitaani, na vuguvugu lile likaishia kuizaa nchi ya Ubelgiji. Nourrit hakuwa Brussels usiku ule, lakini wiki chache nyuma, mapinduzi ya Julai yalipoiwasha Paris, yeye naye alikuwa akiwaimbia watu Marseillaise, wimbo wa mapinduzi. Si mtu wa kukaa pembeni.

Kisha Robert le diable ya Meyerbeer (1831), La Juive ya Halévy (1835), Les Huguenots (1836). Hii ya mwisho nayo ilianza tarehe 29 Februari, na Rossini mwenyewe alizaliwa tarehe hiyo. Wapenda nyota na falaki mjadiliane huko nje.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Huyu bwana hakuwa mtu wa kuletewa karatasi akaimba akaenda nyumbani. Katika La Juive aliichagua nafasi ya Éléazar, sonara mzee wa Kiyahudi, baba wa msichana. Kwa desturi baba katika opera ni besi (sauti nzito ya kiume), na tenori huwa kijana mpenzi. Yeye akataka kuwa mzee. Akamshauri Halévy kwamba kitendo cha nne kisifungwe kwa kelele za kundi zima, kifungwe na mzee huyu peke yake, anayejiuliza kama amtoe binti aliyemlea afe kwa ajili ya kisasi chake. Maneno ya wimbo huo, Rachel, quand du Seigneur, aliyaandika Nourrit mwenyewe, akichagua silabi zinazokaa vizuri kwenye koo lake. Ndiyo sehemu ya opera ile inayoimbwa hadi leo, na nafasi ya mwisho kabisa Caruso kuiimba jukwaani, New York, mkesha wa Krismasi 1920, ilikuwa hiyo ya Éléazar.

Kwenye Les Huguenots hakuridhika na mwisho wa kitendo cha nne. Akambana Meyerbeer hadi ikaandikwa ile duwo (wimbo wa watu wawili) ya mapenzi ya Raoul na Valentine huku kengele ya mauaji ikilia nje. Waliosikia usiku wa kwanza walikuwa wakizungumzia duwo hiyo kuliko kitu kingine.

Na bado. Baleti ya La Sylphide (1832), ile iliyompandisha mcheza baleti Marie Taglioni na kuwavalisha wacheza baleti yale magauni meupe ya wingu, kisa chake aliandika Nourrit. Mdenmark Bournonville, mtunga baleti, akakichukua kisa hicho mwaka 1836 akakitafutia muziki mpya, na toleo lake linachezwa mpaka leo. Kwa hiyo kazi ya Nourrit iliyo hai kuliko zote haina hata mtu mmoja anayeimba. Huwa nacheka nikilifikiria.

Ongezeni kwamba kuanzia 1827 alifundisha Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki, na kwamba Wafaransa walizijua nyimbo za Schubert kwa sehemu kubwa kupitia kinywa chake. Mwishoni mwa 1836 aliziimba nyumbani kwa mtunzi Chopin, mtunzi mwenzake Liszt akiwa kwenye piano. Hebu fikiria sebule hiyo.

Kibaraza:

Mkuu nimesoma kwa heshima zote, lakini tusizunguke mbuyu. Huyu si ndiye aliyejiua kwa sababu mwenzake Duprez alifika noti ambayo yeye hakuifikia? Wivu wa kazini tu. Mpira wa miguu kila msimu kuna mchezaji anapokonywa namba, hatujasikia watu wakifika huko.

Sauti_ya_Tatu:

Mkuu Kibaraza, hiyo ndiyo hadithi niliyokuja kuipinga. Kufika alifika. Nafasi ya Arnold katika Guillaume Tell ilitungwa kwa koo lake, na ile do ya juu imo humo, tena si mara moja wala mbili. Ila aliipiga kwa sauti ya kichwa, au mchanganyiko wa kichwa na kifua, laini, yenye kung'aa. Tenori wote wa wakati wake waliimba hivyo. Rossini alitegemea hivyo. Ni kweli kwamba ule wimbo mgumu wa kitendo cha nne, Asile héréditaire, Nourrit aliuacha baada ya maonyesho machache, ulikuwa unachosha. Lakini hakuna aliyemwona pungufu.

Gilbert Duprez yeye alianza na kisauti chembamba mjini Paris, hakushtua mtu, akaenda Italia. Huko, Lucca, Septemba 1831, akaimba Arnold kwa Kiitaliano na ile do akaitoa kifuani, nguvu zote. Miaka minne baadaye, Naples, mtunzi Donizetti akampa aifungue nafasi ya Edgardo katika Lucia di Lammermoor. Aliporudi Paris alikuwa mtu mwingine.

BintiMwalimu:

Kaka Sauti_ya_Tatu, do ipi hiyo? Sisi wa sol-fa do yetu inahama na ufunguo. Kwaya yangu nikiwaambia "do ya juu" kila mmoja anashika yake.

Sauti_ya_Tatu:

Swali la mwalimu hilo, dada. Do ya Wafaransa haihami, ni C siku zote. Hii ya tenori ni C iliyo oktavu moja juu ya C ya katikati ya kinanda. Ukiwa ufunguo wa F, kwako hiyo ni so. Waambie vijana wako wa sauti ya tatu waipige kwa kifua, bila kuikwepa, halafu utuletee taarifa.

BintiMwalimu:

Wangu wakifika la tu tayari mishipa ya shingo imesimama. Nimekuelewa.

Nesi_Mtulivu:

Niongeze kidogo upande wetu. Kwenye noti hiyo nyuzi za sauti zinagongana takriban mara 520 kwa sekunde moja. Katika sauti ya kichwa zinanyooshwa nyembamba na kugusana ukingoni. Ukitaka rangi ya kifua huko juu, zinabaki nene na pumzi inasukuma kwa nguvu zaidi. Mtu aliyejenga koo lake tangu ujana kwa njia hiyo anaweza. Mtu wa miaka 36 aliyezoea njia nyingine, akalazimisha, anatafuta uvimbe na ukwaju wa kudumu.

Ngosha_wa_Ziwa:

Nesi ukwaju ni wa juisi. Ukakamavu wa koo sema ukavu au kukauka sauti.

Nesi_Mtulivu:

Simu hii inajiandikia yenyewe. Sauti kukauka, ndiyo.

Sauti_ya_Tatu:

Nesi umegusa penyewe, na tutafika. Jambo la pembeni linalonifurahisha: mwana wa yule mwalimu wa Nourrit, naye Manuel García, ndiye aliyetumia kioo kidogo na mwanga wa jua mwaka 1854 akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi. Mwaka 1840, kabla ya hapo, madaktari wawili wa Lyon, Diday na Pétrequin, walikuwa wameandika taarifa ya kitabibu juu ya aina hii mpya ya uimbaji ya Duprez. Sauti ya mtu mmoja ikawa mada ya madaktari.

Sehemu ya tatu. Oktoba 1836.

Mkurugenzi wa Opera, Duponchel, akamwajiri Duprez awe tenori wa kwanza sambamba na Nourrit. Sambamba, wakuu. Hakufukuzwa, wala mshahara haukuguswa. Mwanzoni alikubali. Usiku mmoja akaimba Guillaume Tell huku Duprez amekaa ukumbini, akaimba vizuri. Siku chache baadaye ni La muette de Portici, akaambiwa Duprez yumo tena. Sauti ikakauka pale pale. Baada ya onyesho, mtunzi Berlioz na rafiki mwingine, George Osborne, wakatembea naye barabarani usiku wakimtuliza. Alikuwa akizungumzia kujiua. Hiyo ni kabla Duprez hajaimba hata noti moja kwenye Opera ya Paris! Wiki hiyo hiyo akajiuzulu.

Ndiyo maana nasema hakushindwa. Hapakuwa na pambano. Aliondoka mwenyewe; ushindi wa mwenzake aliujenga kichwani mwake.

Kibaraza:

Hapo umenipa la kufikiri. Lakini mtu mzima, jina kubwa, kwa nini aogope kugawana jukwaa?

Mzee_Kigoda:

Kwa sababu alirithi kiti kutoka kwa baba yake akiwa kijana. Hakuwahi kukigombania. Mtu wa namna hiyo hajui kiti kinatetewaje.

Sauti_ya_Tatu:

Mzee Kigoda, shikamoo. Hilo sikuwahi kulitazama hivyo, na linaingia akilini.

Mimi naongeza tukio moja. Machi 1837, akiwa bado anamalizia mkataba, Nourrit alikuwa jukwaani na Cornélie Falcon katika Stradella ya Niedermeyer. Falcon alikuwa mwanafunzi wake, ndiye Rachel wa kwanza wa La Juive na Valentine wa kwanza wa Les Huguenots, umri miaka 23. Mstari wa Nourrit ulikuwa kumwuliza kama yuko tayari waondoke. Jibu lake: Je suis prête, niko tayari. Falcon akafungua mdomo, sauti haikutoka. Berlioz alikuwepo na aliandika alichokisikia. Falcon alijaribu kurudi jukwaani baadaye, lakini sauti ile haikurudi tena. Sasa wewe ndiye Nourrit, tayari unaogopa koo lako, na mwanafunzi wako bora ananyamaza hivyo mbele ya macho yako. Wasimulizi wengi wa kifo chake hulipita tukio hili. Mimi siwezi.

Tarehe 1 Aprili 1837 akaaga. Tarehe 17 mwezi huo huo Duprez akaimba Arnold, akafufua Asile héréditaire, do za kifua zikapasua ukumbi. Inasimuliwa kwamba Rossini alipoisikia do hiyo aliifananisha na kelele ya jogoo aliyehasiwa anayechinjwa. Lakini Paris ilishaamua.

Ngosha_wa_Ziwa:

Hahaha Rossini hana huruma. Jogoo aliyehasiwa tena!

Nesi_Mtulivu:

Kisha Nourrit akaenda Italia kujifunza upya? Niliwahi kusikia.

Sauti_ya_Tatu:

Ndiyo dada. Kwanza alizunguka Ubelgiji na miji ya kusini mwa Ufaransa, wakati mwingine akapigiwa makofi, wakati mwingine koo likamgomea. Mapema 1838 akaenda Italia, na Naples akajiweka chini ya Donizetti mwenyewe. Mtu aliyekuwa profesa anakaa darasani tena. Donizetti akamwondolea mazoea yote ya Kifaransa, sauti ya puani ikaondoka, kifua kikapata nguvu. Gharama yake: ile sauti ya kichwa iliyomjenga ikapotea. Mkewe, Adèle, alipomfuata Naples alihuzunika kuisikia sauti aliyoikuta. Huku nyuma ini lilikuwa linamsumbua na sauti inakauka mara kwa mara, vile vile alivyosema Nesi.

Alichokuwa anakisubiri ni opera mpya, Poliuto. Yeye ndiye aliyeleta wazo, kutoka tamthilia ya Corneille juu ya mfia dini Mkristo wa Armenia, na Donizetti akaitunga kwa ajili yake, Cammarano akiandika maneno. Ilikuwa iwe tiketi yake ya kuanza upya. Agosti 1838 Mfalme Ferdinando II akaizuia: maisha ya mtakatifu hayachezwi jukwaani. Basi. Novemba akaanza San Carlo, ukumbi wa opera wa Naples, na Il giuramento ya Mercadante badala yake, na watu walimpokea vizuri, ila kitu alichokiwekea matumaini hakikuwepo.

Tarehe 7 Machi 1839 aliimba katika tamasha la kumchangia msanii mwenzake. Hakuipenda sauti yake, na makofi aliyopigiwa aliyaona ni ya kuhurumiwa. Alfajiri ya tarehe 8 akajitupa kutoka ghorofani. Alikuwa ametimiza miaka 37 siku tano nyuma. Adèle alikuwa mjamzito. Alijifungua, na miezi michache baadaye naye akafariki.

BintiMwalimu:

Jamani. Na huyo mama hatajwi popote.

Mzee_Kigoda:

Poleni nyote mnaosoma. Na kama kuna kijana humu yuko kwenye hali ile, zungumza na mtu leo, usisubiri kesho. Endelea mwanangu.

Sauti_ya_Tatu:

Asante mzee.

Mwili ulirudishwa Ufaransa kwa njia ya bahari. Ulipofika Marseille, Chopin alikuwa hapo na mwandishi George Sand, wametoka Majorca, Chopin mwenyewe mgonjwa. Tarehe 24 Aprili 1839 ibada ikafanyika kanisa la Notre-Dame-du-Mont, na Chopin akapiga ogani. Ogani mbovu, imepoteza sauti. Watu walijaa wakitegemea mtu mashuhuri apige kwa vishindo. Yeye akapiga wimbo wa Schubert, Die Gestirne, taratibu kwa mirija laini. Sand aliandika kwamba wasikilizaji walisikitika hawakupata kelele waliyoifuata. Nourrit akazikwa Paris, makaburi ya Montmartre.

Kibaraza:

Sawa, naondoa neno "wivu". Lakini bado Duprez ndiye aliyeshinda, au nako kuna jambo?

Sauti_ya_Tatu:

Kuna jambo. Donizetti alipozuiwa Naples alikwenda na Poliuto yake Paris, akaigeuza Kifaransa, Les Martyrs, Aprili 1840. Aliyeimba nafasi ile iliyotungwa kwa ajili ya Nourrit ni nani? Duprez.

Ila koo lake nalo lililipa. Kabla hajafika miaka 45 alikuwa amechakaa jukwaani, akajikita kwenye kufundisha. Aliandika kitabu cha kuimba, baadaye kumbukumbu zake, akaishi hadi 1896, karibu miaka 90. Sina chuki naye. Hakumfanyia Nourrit ubaya wowote. Alitafuta njia ya kujaza ukumbi mkubwa na okestra iliyokuwa ikinenepa kila mwaka, akaipata, na tenori karibu wote waliofuata wakaifuata njia hiyo.

BintiMwalimu:

Kwa hiyo kusahauliwa kwa Nourrit ni kwa sababu hakuna rekodi?

Sauti_ya_Tatu:

Ni sababu moja, dada. Edison alitengeneza fonografu 1877, huyu alikuwa kaburini karibu miaka arobaini. Lakini mwimbaji Malibran wa zama zake naye hakurekodiwa na jina lake linatajwa. Nadhani lililomzika Nourrit ni kwamba opera alizozifungua zenyewe zilitoka mtindo. Robert le diable na Les Huguenots zilikuwa mkate wa kila siku wa Paris sehemu kubwa ya karne ya 19. Leo kuziona jukwaani ni bahati. Na hata zikipigwa, huimbwa kwa koo la Duprez. Tunasikia noti za Nourrit kwa sauti ya mtu mwingine.

Anayetaka kuanza, aanze na Le comte Ory. Ni ya kuchekesha, fupi kuliko hizo nyingine, na humo tenori wa leo bado wanaruhusiwa kuwa wepesi. Trio ya kitendo cha pili, gizani, isikilizeni kwa spika nzuri, si ya simu. Halafu wimbo wa Éléazar. Guillaume Tell ina zaidi ya saa tatu na nusu, tafuteni siku ya mapumziko.

Ngosha_wa_Ziwa:

Saa tatu na nusu na karanga zimeisha. Mkuu, uzi mwingine utuletee huyo Cornélie Falcon. Miaka 23 na sauti imekwisha, hiyo nataka kuijua yote.

Sauti_ya_Tatu:

Falcon anakuja. Nipeni muda nipange maneno.